Mwanamke Ndani ya Larpu: Mambo Yanayoamuliwa Kabla Hajafika Kambini

Larpu ni mchezo ambamo watu, wengi wao wakiwa watu wazima, hukutana mahali palipopangwa, iwe ni msituni, kwenye kasri la kukodi au ukumbini, na kwa saa kadhaa au siku kadhaa kila mmoja huishi kama mhusika wa hadithi. Hakuna jukwaa, hakuna watazamaji, wala hakuna maneno ya kukariri. Mchezaji hupewa, au hujitungia, mhusika mwenye jina, ukoo, madeni, mahasimu na jambo analolitafuta, kisha huvaa mavazi ya mhusika huyo na kuanza kula, kugombana, kupendana na kupanga njama kama yeye. Mwisho wa hadithi haujulikani na yeyote, kwa sababu unatokana na maamuzi ya washiriki wote ndani ya mipaka ya dunia na kanuni zilizowekwa na waandaaji.

Yeyote aliyecheza baba na mama uani akiwa mtoto, mchezo ambao Kenya wengi huuita kalongolongo, tayari anakijua kiini cha jambo hili. Atakumbuka pia kwamba msichana alikuwa mama na alipika matope kwenye kifuu, mvulana alikuwa baba na alitoka kwenda kazini, na hapakuwa na mtoto aliyesimama kuuliza ni nani aliyezigawa kazi hizo. Watu wazima wanaocheza larpu wamekuwa wakiliuliza swali hilo kwa zaidi ya miaka 20, kwa umakini ambao si wengi wangeutarajia katika burudani ya mwisho wa juma, na majibu waliyoyapata yanastahili kuelezwa kwa kirefu. Ninachokitetea hapa ni kwamba yanayompata mwanamke ndani ya larpu huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla hajafika kambini: katika maandishi yanayoieleza dunia ya mchezo, katika namna wahusika wanavyogawiwa, na katika kanuni za kugusana na za kusitisha igizo. Tabia njema za washiriki zina uzito wake, lakini nazo hufuata njia iliyokwisha kuchongwa na maandishi hayo.

Asili ya mchezo inaeleza mengi. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa nchini Marekani mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, uliozaliwa moja kwa moja na michezo ya kupanga vita kwa visanamu vya askari, na mazingira ya michezo hiyo yalikuwa ya wanaume karibu watupu. Haukupita muda mrefu kabla ya watu kutaka kuyatenda kwa miili yao yale waliyokuwa wakiyasimulia mezani. Dagorhir, mchezo wa mapigano ya silaha laini, ulianza mwaka 1977 katika eneo la Maryland na Washington, D.C.; mwaka 1982 kundi la Treasure Trap lilianza kucheza ndani ya kasri la Peckforton, katika kaunti ya Cheshire nchini Uingereza. Shughuli kuu ilikuwa kupambana na mazimwi na kutafuta hazina, na aliyeheshimiwa ni yule aliyeshinda kwa upanga.

Inafaa kuutazama upanga huo kwa karibu, kwa maana hoja nyingi kuhusu wanawake zimeegemezwa juu yake. Kiini chake huwa ni fimbo nyembamba ya faibaglasi. Kiini hicho huzungushiwa tabaka za sponji ngumu zilizogandishwa kwa gundi, kisha sponji hukatwa kwa kisu kikali mpaka itoe umbo la makali, na hatimaye hupakwa lateksi, yaani mpira wa majimaji, tabaka juu ya tabaka pamoja na rangi ya chuma. Kifaa kinachopatikana ni chepesi kiasi cha kuchezewa siku nzima. Katika larpu nyingi za Ulaya pigo linalokubalika ni la kugusa tu, anayepiga kwa nguvu huonywa au kutolewa uwanjani, na kinachohesabiwa ni idadi ya mapigo yaliyofika. Dagorhir ina kanuni tofauti, kwani huko pigo huhesabika likiwa na nguvu ya kutosha. Kwa hiyo ukisikia kwamba wanawake hawafai kuwa wapiganaji kwa kuwa hawana misuli, jua kwamba misuli inahitajika pale tu ambapo mwandishi wa kanuni ameihitaji. Mwandishi wa kanuni za mguso mwepesi amekwisha kumfanya mwanamke mwenye kasi na shabaha kuwa tishio la kweli, na amefanya hivyo akiwa amekaa mezani kwake.

Mabadiliko makubwa ya kwanza katika jambo hili yalitoka kwenye kanuni pia. Mwaka 1993 kampuni ya White Wolf ya Marekani ilitoa mfumo wa kuchezea larpu katika dunia yake ya wanyonya damu, na badala ya silaha za sponji migogoro ilitatuliwa kwa jiwe, karatasi na mkasi, yaani kwa ishara za mkono. Uzito wa mchezo ukahama kutoka vitani kwenda kwenye siri, fitina, ahadi na usaliti, na mchezo wenyewe ukahamia sebuleni na kumbini mjini. Wanawake waliingia kwa wingi kuliko walivyokuwa wakiingia katika larpu za msituni, na hawakuja kama wake wa wachezaji, bali walikuja kucheza siasa.

Hata hivyo, kuingia ni jambo moja na kusikilizwa ni jambo jingine, na hapa ndipo penye fundo lenyewe. Chukua mchezaji mwanamke aliyepewa mhusika ambaye ni mkuu wa jeshi. Karatasi yake inasema ameongoza vita na kwamba maofisa wake wanamhofia. Anaingia kwenye hema la baraza. Ramani imetandazwa mezani, pembe zake zimegandamizwa kwa vinara vya mishumaa, na washauri wake wamesimama kuizunguka. Anaanza kutoa amri. Mshauri mmoja anamkatiza kabla hajamaliza sentensi. Mwingine anakaa kimya kidogo, kisha anatoa wazo lilelile alilolitoa mkuu wa jeshi, na safari hii watu wanatikisa vichwa kukubali. Wa tatu, akitaka uamuzi wa mwisho, anamtazama mwanamume mrefu aliyesimama pembeni, ambaye kwa mujibu wa hadithi ni mbeba bendera tu. Hakuna kanuni iliyovunjwa, hakuna tusi lililotamkwa, na huenda hakuna hata mmoja wao aliyekusudia ubaya. Lakini mkuu wa jeshi amekwisha kuvuliwa cheo mbele ya macho yake.

Haya hutokea kwa sababu larpu haina mamlaka mengine zaidi ya yale ambayo wachezaji wanapeana. Kwenye tamthilia, mwandishi ameandika kwamba askari wanatii, nao watatii kila usiku. Kwenye larpu, malkia ni malkia kwa kadiri watu wanavyosimama anapoingia, wanavyonyamaza anapofungua kinywa, na wanavyotetemeka anapokasirika. Taji analovaa ni kadibodi na rangi. Heshima ndiyo inayolitia uzito. Na heshima hiyo hutolewa na watu waliotoka ofisini, vyuoni na majumbani juzi tu, wakiwa wamebeba mazoea yao yote ya nani hukatizwa na nani husubiriwa. Kwa hiyo mwanamke anayeigiza cheo kikubwa hulazimika kufanya kazi mara mbili: kuigiza mamlaka, na wakati huohuo kuwavuta wenzake wamtambue kuwa anayo. Mwanamume aliye katika nafasi hiyohiyo hupewa nusu ya pili ya kazi hiyo bure.

Waandaaji waliolielewa jambo hili hawaishii kuwasihi watu wawe na adabu. Huitisha warsha kabla ya igizo kuanza, na ndani yake watu hufanya mazoezi ya cheo kama vile wanamichezo wanavyopasha misuli. Mkuu wa jeshi huingia mlangoni, na wote huzoea kuacha wanachofanya. Hutoka, huingia tena, mpaka miili ya wenzake ikumbuke yenyewe. Maofisa huambiwa waje na hadithi fupi ya siku waliyomwona mkuu wao akiwa mkali au jasiri, ili hofu na heshima yao iwe na chanzo. Zoezi la namna hiyo la nusu saa humsaidia mwanamke huyo kuliko kurasa nyingi za sifa zilizoandikwa kwenye karatasi ya mhusika wake.

Wahusika wenyewe wana tatizo lao. Kwa miaka mingi waandishi wa larpu walipokuwa wakiandika orodha ya watu wa kijiji au wa kasri, wanaume walipata kazi na wanawake walipata jamaa: mhunzi, nahodha, jaji, kuhani, kisha mke wa jaji, binti wa nahodha, mjane wa kuhani. Mhusika aliyeelezwa kwa kazi ana la kufanya tangu saa ya kwanza, ilhali mhusika aliyeelezwa kwa jamaa husubiri jamaa huyo afanye jambo ndipo naye apate la kuitikia. Mwanamke aliyelipa kiingilio sawa na wenzake, akashona gauni lake kwa miezi, hujikuta amekaa kwenye kiti akingojea hadithi imfikie. Dawa iliyoenea katika miaka ya karibuni, hasa Ulaya ya Kaskazini, ni kuwaandika wahusika wote bila jinsia, kila mmoja akiwa na lengo lake, na kuwagawa baadaye kwa kufuata aina ya hadithi ambayo mchezaji ameomba. Ni dawa rahisi, na nashangaa kwamba bado kuna larpu zisizoitumia.

Utetezi unaosikika mara nyingi dhidi ya hatua hizi ni uhalisia wa kihistoria: kwamba katika zama za kati wanawake hawakuwa majenerali, hivyo kuwaweka kwenye cheo hicho ni kuharibu ukweli wa mchezo. Utetezi huo hauna nguvu. Dunia yenye uchawi, mazimwi na wafu wanaotembea imekwisha kuachana na historia kwa hiari, na kama mwandishi ameweza kuruhusu kuwepo kwa joka, basi kumnyima mwanamke upanga ni uchaguzi wake na anapaswa kuumiliki. Nchini Uingereza, larpu ya Empire, iliyoanzishwa na kampuni ya Profound Decisions mwaka 2013 na ambayo hukusanya umati mkubwa mara nne kwa mwaka, imeliandika jambo hili waziwazi. Katika dunia yake ubaguzi wa kijinsia haupo kabisa. Useneta, ujenerali, ukuhani na kila cheo kingine kiko wazi kwa wote, na mchezaji haruhusiwi kumdunisha mwenzake kwa jinsia yake kisha akajificha nyuma ya mhusika. Kwa mwanamke anayeishi na dharau ya aina hiyo siku zote za juma, siku chache za mapumziko kutokana nayo ni zawadi kubwa, na sidhani kama mtu ambaye hajawahi kuihitaji zawadi hiyo anaweza kuipima sawasawa.

Maandishi ya namna hiyo yana mpaka wake. Yanaondoa tusi, lakini hayaondoi mazoea. Lile hema la baraza nililolieleza linaweza kutokea vilevile katika dunia iliyoandikwa kuwa ya usawa. Ndiyo maana baadhi ya wabunifu wa Ulaya ya Kaskazini waliamua kwenda mbali zaidi. Wabunifu hao hukutana kila mwaka tangu 1997, walipoanza mjini Oslo, katika mkutano unaozunguka Norwei, Uswidi, Denmaki na Ufini, na mengi wanayojadili humo huwa majaribio mwaka unaofuata. Mwaka 2003, nchini Uswidi, Eliot Wieslander na Katarina Björk walitoa larpu iliyoitwa Mellan himmel och hav, ambamo watu hawakugawanyika wanaume na wanawake bali watu wa asubuhi na watu wa jioni. Matarajio yote ya nani azungumze kwanza na nani atamani nani yalitegemea mgawanyo huo mpya, na mazoea ya zamani hayakuwa na pa kushika.

Jaribio ninaloliona kuwa na uzito kuliko yote ni la Norwei mwaka 2010. Tor Kjetil Edland, Margrete Raaum na Trine Lise Lindahl walibuni larpu ya Mad About the Boy, inayohusu dunia ambamo wanaume wote wamekufa. Wanawake waliobaki wanaomba kupewa mbegu za kiume zilizohifadhiwa ili wapate watoto, kamati ya serikali inachagua ni nani anayestahili kuwa mzazi, na katikati ya shughuli hiyo anatokea mwanamume mmoja aliye hai. Mwaka 2012 mwandishi Lizzie Stark aliipeleka Marekani, ikachezwa huko Connecticut. Ukiondoa wanaume kwenye hadithi, kila nafasi inabaki wazi: askari ni mwanamke, mwanasiasa mwenye tamaa ni mwanamke, mwoga, mlevi, mwenye busara na mhalifu wote ni wanawake. Hakuna hata mmoja anayelazimika kuwakilisha wanawake wote, kwa sababu hakuna aliyebaki peke yake mezani. Mwanamke mwovu anaweza kuwa mwovu tu, bila wasiwasi kwamba uovu wake utahesabiwa dhidi ya jinsia yake, na uhuru huo wa kuwa mbaya ni adimu kwa mchezaji mwanamke kuliko uhuru wa kuwa shujaa.

Upo pia mwelekeo mwingine, wa larpu ambazo ukandamizaji wa wanawake ndio mada yenyewe, na zipo ambazo wanawake wenyewe wamezibuni na kuzisubiri kwa hamu. Hakuna mgongano hapa. Mchezaji aliyearifiwa mapema kwamba mhusika wake ataozwa kwa nguvu, aliyekubali, aliyezungumza na atakayemwigiza baba yake, na ambaye hadithi imempa silaha za kupigania, anaigiza dhuluma. Mchezaji aliyejiandikisha kwa ajili ya hadithi ya mabaharia, kisha akajikuta anashikwashikwa na maharamia kwa sababu mtu fulani aliona ndivyo maharamia wanavyofanya, anadhulumiwa. Kwa macho ya mpita njia matukio hayo mawili yanaweza kufanana kabisa, na kinachoyatenganisha ni mazungumzo yaliyofanyika au yasiyofanyika kabla.

Suala la mapenzi na mguso ndilo lililowaumiza wanawake zaidi, na ndilo lililozaa ubunifu mkubwa zaidi. Larpu huhitaji hadithi za mapenzi, kama zinavyohitajika katika riwaya na taarabu, lakini mwanamke aliyeigiza mpenzi motomoto Jumamosi anaweza kuandamwa kwa ujumbe wa simu hadi mwezi unaofuata na mtu anayedai kwamba hisia zile hazikuwa za kuigiza. Wengi walijikinga kwa kukataa kabisa wahusika wenye mapenzi, na hivyo wakapoteza sehemu kubwa ya hadithi ili wabaki na amani. Kwa ajili ya larpu ile ya mwaka 2003, Eliot Wieslander alibuni mbinu iitwayo Ars Amandi. Wapenzi wa hadithi hugusana mikono tu: vidole kwa vidole, viganja, vigasha, kupanda taratibu hadi mabegani na shingoni, huku wakitazamana machoni na pumzi zao zikieleza kinachotokea baina ya wahusika. Nguo hazivuliwi, na tukio linaweza kuwa zito kiasi cha kuwanyamazisha waliomo chumbani. Faida yake kwa mwanamke iko katika mpaka unaojulikana na kila mtu. Mkono ukivuka mpaka huo, hakuna haja ya kubishana kuhusu nia ya mwenye mkono, kwa kuwa kosa limeonekana.

Kuhusu kusitisha mchezo, larpu za Nordiki, yaani za nchi zile za Ulaya ya Kaskazini, zilizoea mapema kutumia maneno mawili: moja la kukata, linalosimamisha kila kitu papo hapo, na jingine la kufunga breki, linalomwomba mwenzako apunguze mwendo bila igizo kukatika. Waandaaji wengi waliamini kwamba mwanamke aliyepewa maneno hayo amekwisha kulindwa. Uzoefu ulionyesha vinginevyo. Neno la kukata husimamisha chumba kizima, humgeuza aliyelitamka kuwa kitu cha kutazamwa, na mara nyingi huacha hisia kwamba yeye ndiye aliyeharibu usiku wa wenzake. Mwanamke aliyelelewa kuvumilia ili wengine wasikwazike atavumilia hapa pia, hata kama kanuni inamruhusu kupiga kelele. Gharama ya kinga ilikuwa imewekwa juu ya mabega ya yule anayehitaji kukingwa.

Jibu lililopatikana lilikuwa kuzifanya ishara ziwe ndogo na za kila mara, hadi zikose kabisa harufu ya dharura. Katika larpu ya New World Magischola, iliyoanza mwaka 2016 huko Virginia, Marekani, ilitumika ishara ya kuulizana hali. Mwigizaji mmoja amekaa kwenye ngazi, mhusika wake analia kwa uchungu wa kusalitiwa. Mwenzake anayepita hajui kama machozi ni ya mhusika au ni ya mtu mwenyewe. Bila kusema neno, anainua mkono usawa wa kifua, kidole gumba na cha shahada vikiwa vimekutana kufanya duara. Aliyekaa akijibu kwa gumba juu, maana yake yuko sawa, na kilio kinaendelea bila kukatika hata pumzi moja. Akilaza kiganja, maana yake hana hakika. Akielekeza gumba chini, hayuko sawa. Jibu lolote lisilokuwa gumba juu humlazimu aliyeuliza kumsindikiza mwenzake nje ya igizo na kumpa anachohitaji. Angalia kilichobadilika: jukumu la kuanza limehama kutoka kwa anayeumia kwenda kwa anayemwona. Ipo pia ishara ya kukinga macho kwa kiganja, kama mtu anayejizuia na jua, inayohusishwa na Trine Lise Lindahl na Johanna Koljonen. Anayeifanya huondoka mahali hapo bila kuulizwa sababu, wakati huo wala baadaye. Kwangu hilo la kutoulizwa ndilo bora kuliko yote, kwa kuwa mwanamke amechoshwa zaidi na kujieleza kuliko na jambo lenyewe.

Mchezo ukiisha, hisia haziishi nao. Mwaka 2007 mbunifu Mmarekani Emily Care Boss alilipa jina la mvujo (kwa Kiingereza, bleed) jambo ambalo wachezaji walikuwa wakilijua kwa muda mrefu, kwamba hisia huvuja kati ya mchezaji na mhusika, kwa pande zote mbili. Huzuni ya nyumbani humfuata mtu ndani ya hadithi, na aibu au ujasiri wa ndani ya hadithi humfuata nyumbani. Sarah Lynne Bowman, msomi aliyeyaandikia sana mambo haya, amesisitiza haja ya washiriki kukaa pamoja baada ya mchezo, kuvua mavazi, kutaja yaliyowagusa na kuwatambua upya wenzao kama watu wa kawaida. Kwa mwanamke aliyetukanwa na mhusika wa rafiki yake kwa siku mbili, mazungumzo hayo ndiyo yanayouokoa urafiki.

Kutoka katika wazo hilo la mvujo, Jonaya Kemper, mbunifu na mwandishi Mmarekani mweusi, alitoa hoja ambayo naiona kuwa hatua muhimu kuliko zote za karibuni. Mwaka 2017 alicheza Fortune & Felicity, larpu iliyofanyika Medevi Brunn nchini Uswidi, katika dunia ya riwaya za Kiingereza za mwanzoni mwa karne ya 19: dansi, ziara za chai, urithi, na mabinti wanaopimwa kwa mali watakayoingia nayo kwenye ndoa na kwa ukoo. Mwanamke mweusi anapoingia katika dunia hiyo hubeba vizuizi viwili kwa pamoja, kwa sababu hadithi zilizoizaa hazikumwandika kama binti wa kuposwa wala kama bibi wa nyumba. Kemper aliandika baada ya mchezo kwamba mtu wa kundi lililokandamizwa anaweza kuuelekeza mvujo kwa makusudi. Anachagua mapema ni pingu zipi za maisha yake atakutana nazo ndani ya hadithi, anapambana nazo akiwa salama, na anaruhusu ushindi ule uvuje kumrudia. Aliuita mvujo wa ukombozi, na aliambatanisha na mazoea ya kujichunguza kwa kuandika, kwa kuwa kisichoandikwa husahaulika.

Hoja ya Kemper inauhamisha mjadala mahali pazuri. Kwa muda mrefu mazungumzo kuhusu wanawake na larpu yalihusu kinga tu: namna ya kuzuia wasiumizwe. Kinga ni ya lazima, lakini mtu hasafiri hadi Uswidi na gauni kwenye sanduku kwa ajili ya kutoumizwa. Anasafiri kwa sababu kuna jambo anataka kuwa, angalau kwa siku chache, na kanuni nzuri ni zile zinazomfikisha huko. Mkusanyiko wa larpu fupi za kifeministi uliotolewa mwaka 2016 na Misha Bushyager, Lizzie Stark na Anna Westerling, wenye michezo ya waandishi wa nchi 11, umeonyesha kwamba hata safari si ya lazima. Mingi kati ya michezo hiyo inachezwa na watu wachache, ndani ya chumba kimoja, chini ya saa moja, bila mavazi wala upanga, na mada zake zimetoka katika maisha ya wanawake moja kwa moja.

Kuna kazi nyingine ambayo haionekani kwenye kanuni yoyote. Mara nyingi wanawake ndio wanaoshona mavazi ya kundi zima, wanaosimamia jiko la kambi, wanaombembeleza mchezaji aliyezidiwa na hisia saa nane za usiku, na wanaokosa sehemu ya hadithi yao kwa sababu hiyo. Larpu zilizo makini siku hizi huwateua watu maalumu wa kuwahudumia waliozidiwa, wakiwa na chumba chao na zamu zao, na kazi hiyo ikiandikwa kama kazi inakoma kumwangukia yeyote aliye na sura ya upole. Hivyo hivyo kwa malalamiko: katika jamii ndogo, mnyanyasaji mara nyingi ni rafiki wa mwandaaji, hivyo utaratibu ulioandikwa wa nani anapokea shauri na nani anajiondoa kulisikiliza ni wa lazima kabla shauri halijatokea.

Mwanamke anayefikiria kujiunga ana njia ya kuyajua mengi ya haya akiwa bado nyumbani, kwa kusoma maandishi ya larpu anayoitaka kabla ya kutazama picha zake. Atafute kama dunia yake inasema lolote kuhusu jinsia, na kama ukandamizaji umo, je, umetajwa na kuombewa ridhaa. Kama wahusika wanagawiwa kwa jinsia au kwa maombi. Mguso unaruhusiwa wapi. Nani anapokea malalamiko, na analala wapi usiku. Kama kuna warsha kabla na kikao baada. Kama maandishi hayajibu, amwandikie mwandaaji amuulize kabla ya kulipa kiingilio, na jibu atakalopewa, pamoja na muda litakaochukua kufika, limsaidie kuamua kama atakwenda.